Fizi za Minza

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Baadaye, tukiwa tunakula, Dakta Neema aliniuliza ni kazi gani katika miaka yangu yote ya meno ambayo bado inanirudia. Nikamjibu kwamba ni ufizi. Mliokuwa karibu mkacheka, maana mlitegemea niseme habari za yule mchimbaji aliyejing'oa jino mwenyewe kwa koleo la mafundi akaja kwetu na kipande cha taya. Yule nilimsahau mapema. Habari ya ufizi haikufaa kusimuliwa mbele ya sahani za watu, kwa hiyo nawaandikia hapa, wadogo zangu, maana mtakutana nayo.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Shinyanga, si mbali na Kolandoto. Nilisomea meno kwa sababu nafasi za uuguzi zilikuwa zimejaa. Sikusikia wito wowote. Nilipangiwa hospitali moja upande wa Geita, katika mji unaoishi kwa dhahabu, nikafika na begi, ndoo na godoro. Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo. Kiti cha wagonjwa kilikuwa cha chuma, kikipandishwa kwa kukanyaga pedeli, na kilikuwa na tabia ya kushuka chenyewe taratibu. Ulianza kung'oa jino mgonjwa akiwa usawa wa kifua chako, ukamaliza umepiga magoti kama uko kanisani. Vifaa tulichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Umeme ukikatika tulivaa taa za kichwani, zile wanazovaa wachimbaji wakishuka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu. Mwanzoni tuliziazima kwa wagonjwa wenyewe.

Mkuu wangu alikuwa Dakta Balele, mtu mrefu, mpole, ambaye hakupenda kuongea kabla ya chai ya saa nne. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mgonjwa na kusimama nyuma yangu. Mgonjwa alikuwa mzee mfugaji. Nikamsalimu, nikachungulia, nikanyoosha mkono kuchukua koleo.

"Umeona nini?" Dakta Balele akauliza.

"Jino bovu, dakta."

"Na pembeni yake?"

"Hamna kitu."

"Kuna nyama imevimba, imeachia jino, ukiibonyeza inatoa usaha. Wewe umeangalia ukuta tu. Huangalii udongo nyumba iliposimama."

Nilikasirika, nikaendelea kukasirika kama wiki nzima. Lakini toka siku ile sijafungua mdomo wa mtu bila kuanza na fizi.

Ni yeye aliyenifundisha kuzikata. Wengi wenu mmesoma jambo hili darasani na hamjalifanya sana, kwa hiyo nitasema kidogo. Unatia ganzi na kusubiri, na kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Kile chuma chembamba chenye alama kinakupimia ufizi umeachia kiasi gani, kisha kwa nje unachoma hapo hapo mpaka itoke nukta ya damu. Unafanya hivyo jino kwa jino. Nukta zile zikijipanga, ndiyo njia ya kisu chako. Kisu unakilaza. Ukikisimamisha unaacha ngazi, na ngazi ndani ya mdomo ni pa chakula kulala. Unakata, unakwangua uchafu uliokuwa umefichwa na nyama, unabana kwa shashi mpaka damu itulie. Mwisho unachanganya unga wa zinki na mafuta ya karafuu juu ya kioo mpaka uwe kama udongo wa kufinyangia, unalifunika jeraha. Chumba kilinukia karafuu, na watu waliokuwa nje kwenye benchi walidhani tunapika.

"Kukata si kazi," Dakta Balele aliniambia. "Mchinja mbuzi anakata. Kazi ni kujua kwa nini hii nyama imeota."

Ziliota kwa sababu nyingi. Wengine hawakuwa wamesafisha meno tangu walipoanza kuchimba. Kulikuwa na wajawazito, ambao tuliwaambia wasubiri wajifungue. Walikuwepo pia wale waliotaka tukate nyama nzima isiyo na ugonjwa, ili jino la dhahabu walilopachika lionekane vizuri wakicheka. Hao Dakta Balele aliwajibu kwamba dhahabu ingekuwa salama zaidi ikifichwa.

Minza alikuja na mama yake asubuhi moja ya mnada, wametoka kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Alikuwa msichana mkubwa aliyekwishamaliza shule, mwembamba, amejifunga kitenge alichokishona mwenyewe, ncha ya khanga ameishika mbele ya mdomo. Nikawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mama akaitikia. Binti akainamisha kichwa tu.

"Ana jino linauma?" nikamuuliza mama.

"Haliumi. Hebu mwonyeshe dakta, ng'wanone," akamwambia, yaani mwanangu.

Minza akashusha khanga. Nilikuwa nimeona fizi nyingi kufikia wakati ule, lakini sikuwa nimeona kama hizi. Zilikuwa zimeota, juu na chini, ngumu, za waridi, zimegawanyika vifundo kama punje za mahindi, na zimeyafunika meno ya mbele mpaka zikabaki ncha tu. Midomo haikuweza kufunga. Alipoongea, maneno yalitoka yamelowa.

"Ni mshona nguo huyu," mama akasema. "Ana cherehani pale barazani. Watoto wakipita wanamwita jina baya. Wateja wanaleta kitambaa kwangu, wananiambia mimi vipimo, wakati yeye amekaa pale pale."

"Mwambie la uzi," Minza akasema chini chini.

"La uzi lipi?"

"Siwezi kukata uzi kwa meno," akaniambia mwenyewe. "Kila fundi anakata. Mimi natafuta mkasi."

Dakta Balele akasogea, akachungulia, akauliza swali moja tu. "Anakunywa dawa gani?"

Mama akatazama mlango kama umefungwa. Nikaufunga. Ndipo akaeleza. Minza alianza kuanguka akiwa mtoto mdogo. Walimpeleka kwa waganga, wakafukizwa, wakahamisha hata mji. Mwisho mtu mmoja wa kanisani akawaelekeza kliniki, wakapewa vidonge vinavyoitwa fenitoini. Kuanguka kukakoma. Kijijini watu wakasahau, au walijifanya wamesahau. Kisha, polepole, nyama zikaanza kuota.

"Ni hiyo dawa," Dakta Balele akasema. "Si kila mtu inamfanyia hivi, lakini wengine inawaotesha fizi. Hajarogwa."

Alikwenda mwenyewe kliniki ya kifafa kuuliza kama wanaweza kumbadilishia. Muuguzi wa pale akamjibu ukweli: dawa nyingine ipo, lakini leo inafika na mwezi ujao haifiki, na mgonjwa wa kifafa anayekosa dawa ghafla yuko hatarini kuliko mwenye fizi kubwa. Tukakubaliana abaki na ile ile, sisi tukate, na yeye apige mswaki kama mtu anayesugua sufuria ya harusi.

Tulimkata kwa awamu, robo ya mdomo kila mara, tukisubiri upande mmoja upone kabla ya kuanza mwingine. Dakta Balele alikata robo ya kwanza. Kwa zilizobaki alinikabidhi kisu, akasimama nyuma yangu kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakusema kitu. Minza hakuwahi kulia. Alishika mikono ya kiti, na kiti kikishuka na yeye akishuka, mara moja nikamwona anacheka kwa macho.

Siku tuliyotoa kifuniko cha mwisho nilimpa kioo. Alijitazama muda mrefu. Akagusa jino moja kwa kidole, kisha la pili, kama anayehesabu vitu vya mtu mwingine. Halafu akatoa uzi kwenye mkoba, alikuwa ameuandaa kabisa, akauweka kati ya meno, akaukata.

"Dakta," akamgeukia Dakta Balele, "nikiacha ile dawa, nyama hazitarudi?"

"Nyama hazitarudi," akamjibu. "Kuanguka kutarudi. Kati ya hivyo viwili, cha kwanza tunaweza kukikata."

Aliitikia. Mama yake pia aliitikia. Nawahakikishia, wadogo zangu, kwamba jambo lile lilisemwa kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na halikusemwa mara moja tu.

Baada ya hapo Dakta Balele alistaafu, akarudi kwao kulima mpunga. Mimi nilirudi chuoni, nikatoka na cheo ambacho hakina faida katika habari hii, nikakuta kiti kile kile kikiendelea kushuka. Minza alikuwa akija kusafishwa meno, na kila alipokuja aliongea zaidi. Nyama zilikuwa zinarudi kidogo kidogo, lakini alikuwa mpiga mswaki hodari, na tulikuwa tunazidhibiti. Alihamishia cherehani yake sokoni mjini, akawa anashona sare za shule. Nilishonewa magauni mawili. Moja bado ninalo.

Kisha mama yake akaja peke yake. Hakukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, alisubiri mpaka nimalize wote.

"Minza amepata mchumba," akasema.

"Hongera, mama."

"Anaitwa Masalu. Ana karasha yake ya kusaga mawe upande wa Bugarama. Si mlevi. Watu wa kwao wameshakuja, ng'ombe wamekubaliwa." Akakunja khanga, akaikunjua. "Nimekuja kwa jambo dogo. Wakija hapa kuuliza, wasisikie habari ya kuanguka."

"Mama, sisi hatutoi habari za mgonjwa kwa mtu. Hata usingekuja ningenyamaza."

"Basi nashukuru."

"Lakini Masalu mwenyewe anajua?"

"Akijua, nani atamwoa?" akaniuliza, na hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Wewe dakta una watoto, unajua. Huyu nimemfukizia moto, nimemhamishia mji, nimemfunga khanga mdomoni. Sasa Mungu amemfungua uso. Nimrudishe tena nyuma kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Nilimwambia kwamba dawa ile haifichiki ndani ya nyumba ya watu wawili. Nikamweleza kwamba mtu akianguka, anayemwokoa ni yule anayejua la kufanya. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaondoka.

Minza mwenyewe nilizungumza naye alipokuja kusafishwa kabla ya harusi. Nikamwambia amweleze mwenzake, na kama anaona ugumu amlete kwangu, nitamweleza mimi akiwepo. Alisikiliza mdomo ukiwa wazi, vyombo vyangu vikiwa ndani. Nilipovitoa akasema, "Nitamwambia, dakta. Tukishazoeana."

"Mtazoeana lini?"

Akacheka. Meno yake yalikuwa mazuri sana wakati ule. Nilikuwa na fahari nayo, nasema kweli. Niliyatazama kama fundi anavyotazama kabati alilolitengeneza, na hiyo ni furaha ambayo sasa nikiikumbuka inaniumiza, kwa sababu ile kazi yangu nzuri ndiyo iliyowezesha jambo lile kufichwa.

Harusi ilikuwa parokiani. Nilialikwa, nikaenda na gauni alilonishonea. Masalu alikuwa kijana mfupi, mwenye mabega ya kazi, anayetabasamu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba kweli kuna cha kutabasamia. Nilimpenda. Nilishikana naye mkono, akaniambia, "Shikamoo, dakta," nami nikaitikia marahaba, na tukaachana pale.

Walihamia Bugarama. Kutoka huko kuja kwetu si karibu, na mume angeuliza anafuata nini, kwa hiyo Minza akaacha kuja. Alipokuja tena, Masalu ndiye aliyemleta kwa pikipiki, akabaki nje. Nyama zilikuwa zimerudi. Hazikuwa kama mwanzo, lakini meno ya mbele yalikuwa yamezama nusu.

"Ananiuliza hizi ni nini," Minza akaniambia. "Nimemwambia ni joto la mdomo."

"Na dawa unaiweka wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo vya nguo."

"Minza, yuko hapo nje. Tumwite?"

Alinishika mkono wa gauni. "Usimwite. Nakuomba, dakta. Nikate tu."

Nikamkata. Nilirudia yale yote ya siku za nyuma, kwamba nyama ziko mikononi mwangu na kuanguka hakuko mikononi mwangu, kwamba asiache hata kidonge kimoja. Aliitikia kama alivyoitikia zamani. Masalu alipoingia kumchukua alinishukuru, akauliza kama kuna chakula asile. Nikamwambia vitu vya moto na pilipili, kwa siku chache. Mume wa mgonjwa wangu alisimama umbali wa hatua moja kutoka kwangu, akiniuliza kwa nia njema kabisa amsaidieje mke wake, na mimi nikamjibu habari za pilipili.

Najua mnavyofikiri. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na ingekuwa leo ningejibu vile vile, na ninyi mtajibu vile vile. Nawaambia tu kwamba kufanya lililo sahihi hakukunipa usingizi mzuri.

Minza aliacha dawa. Alinieleza baadaye kwamba hakuiacha kwa hasira wala kwa kusahau. Alianza kwa kuruka jioni, akaona hajaanguka. Akaruka siku nzima, hajaanguka. Nyama zikatulia. Akajiambia labda ugonjwa umekwisha kabisa, labda uliisha zamani na anakunywa dawa ya kitu kisichokuwepo. Alivitupa vidonge vilivyobaki chooni, akajisikia, kwa maneno yake, kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Ilimkuta jikoni, mchana, anasonga ugali wa watu wa karasha. Alikuwa peke yake. Aliangukia mafiga, mkono wa kulia ukaingia motoni, na kwa kuwa hakuwa na fahamu hakuutoa. Jirani aliyesikia sufuria ikigonga chini ndiye aliyemvuta.

Walimleta kwetu kwa sababu ndiyo hospitali waliyoizoea. Mimi nilikuwa nang'oa jino nikasikia watu wanakimbia korido. Sikujua ni nani mpaka nilipopita wodi ya majeruhi kuchukua shashi, nikamwona Masalu amesimama ukutani, viatu vimejaa vumbi la mawe, ameshika kiatu kimoja cha mke wake.

"Shikamoo, dakta," akasema. Hata pale alinisalimu.

Nilimkalisha kwenye benchi la korido. Mama yake Masalu alikuwa amefika pia, mama mnene mwenye rozari, na mama yake Minza alikuwa njiani. Daktari wa wodi alikuwa amekwishaongea nao. Minza mwenyewe, alipopata fahamu na kuulizwa, alikuwa amemwambia daktari kila kitu na kuruhusu mume aelezwe. Kwa hiyo Masalu alikuwa anajua.

Nilisubiri anilaumu. Alikipangusa kile kiatu kwa kiganja.

"Dakta, ni fenitoini, siyo?"

"Ndiyo."

"Vile vidonge vyeupe."

"Unavijua?"

"Mdogo wangu anavyo," akasema. "Anakunywa tangu akiwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha jioni. Nikisafiri, mama anamkumbusha. Akianguka namlaza ubavu, nasogeza vitu, nasubiri. Siogopi." Akanitazama. "Ningemkumbusha na yeye. Ingekuwa ni watu wawili badala ya mmoja, basi."

Nikaketi karibu yake.

"Sijui nimkasirikie nani," akaendelea. "Maana na sisi tuliwaficha. Siku ya kupeleka ng'ombe kwao tulimpeleka mdogo wangu Ushirombo kwa mjomba, akakae huko mpaka harusi iishe. Tuliogopa ataanguka mbele ya wakwe, wakatae kutupa binti. Minza amemwona mara mbili tu. Tulimwambia ni mtu wa kulala sana."

Mama yake, pale pembeni, alikuwa anasikia. Hakubisha. Alishika rozari bila kuihesabu.

Mama yake Minza alipofika alikuja anatembea haraka, akapunguza mwendo alipomwona mkwe wake. Nilimwona anavyojiandaa kusimama mbele ya watu wale na kuaibishwa. Alishachutama kuomba radhi. Mama Masalu akamshika bega, akamkalisha kwenye benchi karibu yake. Walikaa hivyo, wanatazama mlango wa wodi. Halafu mama Masalu akauliza, kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua:

"Wa kwako alianza akiwa na umri gani?"

Wakaanza kuongea. Walitaja waganga wale wale. Waligundua kwamba kuna mmoja wa upande wa Kahama aliyekula mbuzi wa familia zote mbili. Niliwaacha, nikarudi chumbani kwangu, ambako mgonjwa wangu alikuwa bado amekaa na ganzi yake imeanza kuisha.

Mkono haukupona. Nasema hivi moja kwa moja kwa sababu nimesikia watu wakisimulia habari hii na kuimalizia vizuri. Vidole vilishikana. Alifanyiwa upasuaji kwenye hospitali kubwa, vikaachia kidogo, kiasi cha kushika kikombe. Cherehani aliiuza. Alijaribu kufundisha wasichana wengine kushona kwa maneno, akasema ni kama kumwelekeza mtu njia ukiwa umefumba macho, akaacha. Sasa anauza vitambaa. Masalu hakumwacha, na yule mdogo wake anaishi nao. Jioni wanakunywa dawa pamoja mezani, Masalu akiwatolea kama padri anavyogawa komunyo. Hilo aliniambia Minza, na alicheka alipolisema.

Aliendelea kuja kwangu kwa fizi, maana alirudi kwenye dawa na nyama zikarudi pia. Safari ya mwisho ilikuwa muda mfupi kabla ya kuondoka kwangu. Nilimwambia nastaafu, na kwamba kuanzia sasa atahudumiwa na Dakta Neema, aliyekuwa amesimama karibu yangu. Neema, wewe unakumbuka siku ile, ila sidhani ulijua ulikuwa unasikia nini. Ulimuuliza, kama nilivyokufundisha kumuuliza kila mtu, anakunywa dawa gani.

"Fenitoini," Minza akasema. "Mimi nina kifafa. Sijaanguka muda mrefu. Mume wangu yuko hapo nje, ukitaka kujua jana nilikunywa saa ngapi muulize yeye, anakumbuka kuliko mimi."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida. Mlango ulikuwa wazi na benchi lilikuwa limejaa watu, wengine wa kijijini kwake. Mama mmoja aligeuka kumtazama, kisha akageukia mambo yake. Hakukuwa na kitu zaidi ya hapo. Jambo ambalo familia mbili zililikimbia miaka yote lilipita kwenye benchi lile na hakuna mtu aliyesogea kulipisha.

Ulimwambia akae, ukamtia ganzi, nami nikakuangalia ukilaza kisu. Ulikata vizuri. Alijishika kwenye kiti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, na nilipoona umeanza kuteleza niliushika, nikakaa nimeushika mpaka ulipomaliza.